MIZANI YA PILI: KAZI YA MSANII KATIKA USHIRIKA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, wajumbe na wageni katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu)



 Wenzangu waliotangulia wamekwisha kusema habari za bei, mbegu, dawa za wadudu na maghala, nao wamesema vema. Mimi nimetakiwa niseme habari za watunzi, waimbaji na wasimulizi wa hadithi. Yamkini wako kati yetu wanaojiuliza moyoni: ngoma na hadithi zina shughuli gani na ushirika? Je, si mapambo ya sherehe tu, mfano wa maua yaliyofungwa langoni tulipopita asubuhi?

Hotuba yangu yote ni jibu la swali hilo, nami nitalitoa kwanza kwa ufupi. Msanii anayesimulia habari za watu wake kwa ukweli ni mizani ya pili ya ushirika. Chama kinachoitunza mizani hiyo hudumu, na chama kinachoivunja hujivunja chenyewe.

Wazee waliopo hapa wanajua maneno "mizani ya pili" yametoka wapi, lakini vijana yafaa waambiwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba katika Usukuma walikuwa na malalamiko makubwa juu ya mizani za wafanya biashara walionunua pamba yao. Mkulima alifika na mzigo, akaambiwa uzito, akalipwa, akarudi nyumbani akiwa hana njia ya kujua kama ameambiwa kweli. Wakulima hawakuchoma maduka. Walifanya jambo la busara kuliko hilo: waliweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu apime pamba yake kwa watu anaowaamini kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi. Mpimaji huyo hakuwa na mamlaka yoyote juu ya mnunuzi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumwambia mwenye mali ukweli wa mali yake. Lakini ukweli ule ulitosha kubadili mambo. Kutokana na umoja wa namna hiyo vilizaliwa vyama vya ushirika vya pamba, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, kiongozi wake akiwa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Basi ushirika wetu mama yake ni mashaka ya haki, na baba yake ni mizani ya pili. Walakini baada ya ushirika kuwa na nguvu, watu wengi walidhani mizani ya pili haihitajiwi tena, kwa kuwa mizani ya kwanza sasa ni yetu wenyewe. Hapo ndipo tulipokosea. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda Tume Maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao katika nchi nzima. Tume hiyo ilitaja udhaifu mwingi, na miongoni mwake ulikuwamo huu: wanachama hawakufahamu mambo ya vyama vyao wenyewe, na katika vyama vikuu demokrasia ilikuwa haba. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao. Ilipasa kungoja sheria ya mwaka 1982 ili ushirika uanze kurudi. Sisemi kwamba vilivunjwa kwa sababu hiyo moja, kwa maana sababu zilikuwa nyingi, nyingine zikiwa za siasa. Lakini natazama nyuma nikauliza: siku ile vyama vilipovunjwa, ni wakulima wangapi walisimama kuvitetea? Mtu hawezi kukitetea asichokijua.

Nani, basi, atamjulisha mkulima? Mtajibu: vitabu vya hesabu na mkaguzi. Navikubali vitabu, namheshimu mkaguzi. Lakini kitabu husema kilichoandikwa ndani yake tu. Niruhusuni niseme kisa changu mwenyewe, ingawa si kisa cha kujivunia.

Katika msimu mmoja wa miaka ya 1980, vyama vilipokuwa vimerudi, nilikuwa kijana na karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi. Mkubwa wangu aliniagiza nipunguze nusu kilo katika kila mzigo, ati kwa ajili ya unyevu na takataka. Stakabadhi ya mkulima haikuonyesha neno hilo. Nilijiambia kwamba nusu kilo si kitu. Lakini mizigo elfu moja ni kilo mia tano, na kilo mia tano zisizo na mwenyewe mchana hupata mwenyewe usiku. Mkaguzi alikuja, akapekua vitabu, akavikuta safi. Navyo vilikuwa safi kweli, kwa kuwa nusu kilo ile haikuingia kitabuni hata mara moja.

Mavuno yalipokwisha, vijana wa kijiji waliketi kucheza wigashe, ile ngoma yetu ya kukaa, ambayo nguvu yake imo zaidi katika maneno kuliko katika miguu. Ningi wao, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, akaanza kisa cha fisi. Alisimulia kuwa wanyama walimchagua fisi awapimie nyama. Fisi akawa mwadilifu kupita kiasi, hakuiba hata kipande kimoja. Alilamba tu mizani kila alipomaliza kupima. Mwisho wa msimu wanyama wote walikonda, na mizani ikanenepa.

Ndugu zangu, hakutaja jina langu. Hakutaja pamba wala ghala. Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao ili nisijulikane. Mama mmoja mzee aliyeketi mbele yangu aligeuka, akanitazama kwa upole, akaniuliza: "Mwanangu, hivi mizani yako imeshiba?" Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa Mwenyekiti wa chama nikamweleza yote. Mkubwa wangu alipopata habari aliwaita vijana wale, akawakataza kuimba karibu na ghala. Wakahamia njia panda, na waliowasikiliza wakawa wengi zaidi. Mkutano uliitishwa, makato yale yakakomeshwa, nami nikabaki kazini, nikiwa na haya, lakini nikiwa mtu.

Katika jambo lile sikugeuzwa na sheria, wala na mkaguzi, wala na polisi. Niligeuzwa na kisa cha fisi. Nimeishi miaka mingi nikitafakari kwa nini. Nadhani ni kwa sababu shutuma humfanya mtu ajitetee, ilhali hadithi humfanya ajione. Mtu aliyejiona hana wa kumjibu ila nafsi yake.

Msidhani jambo hili ni la Wasukuma peke yao. Tazameni kwa majirani. Mzee wetu Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alitoa kitabu chake Kusadikika mwaka 1951, wakati nchi ikiwa bado chini ya Waingereza. Ndani yake mtu mmoja aitwaye Karama anashtakiwa barazani. Je, anajitetea kwa nini? Kwa hadithi. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao kwenda kutafuta maarifa pande zote, kisha waliporudi wakatupwa kifungoni kwa sababu ya maarifa waliyoyaleta. Kwa kusimulia tu, wajumbe wale wanapata kufunguliwa. Shaaban Robert aliiweka nchi ile angani, mahali pasipokuwapo, lakini kila msomaji mwenye akili aliitambua ardhi aliyokuwa ameikanyaga. Huo ndio ustadi wa fisi na mizani, ila umeandikwa kitabuni.

Vukeni mpaka mwende Limuru, katika nchi ya Kenya, kwenye kijiji cha Kamiriithu. Huko mwaka 1977 wakulima na wafanya kazi wa viwandani na mashambani walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kikuyu uitwao Ngaahika Ndeenda, maana yake Nitaolewa Nitakapotaka. Wanakijiji waliusoma wakausahihisha, kwa kuwa maisha yaliyokuwamo yalikuwa yao, nao waliyajua kuliko waandishi. Kisa chake kinamhusu mkulima mwenye eka moja na nusu, aliyeitundika hati ya shamba lake ukutani kama mtu atundikavyo picha ya mzazi. Matajiri wanamshawishi akope fedha benki kwa dhamana ya hati ile, ili afunge ndoa ya fahari kanisani. Mwisho shamba linakwenda. Ndugu wakulima, ni nani kati yetu asiyemjua mtu wa namna ile? Somo la mikopo ambalo Bwana Mhasibu angelieleza kwa siku tatu, mkulima wa Kamiriithu alilipata kwa jioni moja, tena akalilia machozi.

Mchezo ule ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba, 1977. Tarehe 16 Novemba ruhusa yake ilifutwa. Mwisho wa mwaka ule Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa mahakamani, na mwaka 1982 jukwaa lile likabomolewa. Mbao zilivunjwa, walakini hadithi haikuvunjika. Ngũgĩ alifariki mwaka 2025, na mchezo ule ungali unasomwa duniani. Nawaomba viongozi wenzangu mlitie moyoni jambo hili: mwenye kuvunja mizani habadilishi uzito wa mzigo.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa huku nako tunao mfano mwema, tena wenye amani. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Bibi Penina Mlama, walikwenda katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba. Hawakuja na mchezo uliokwisha kuandikwa mjini. Walikaa na wanakijiji, wakawauliza ni mambo gani yanayowasumbua. Watu wakataja, miongoni mwa mengine, wasichana wa shule wanaopata mimba na kuacha masomo. Kisha wanakijiji wenyewe wakayatia mambo hayo katika ngoma zao, nyimbo zao na michezo, wakaonyeshana wao kwa wao. Onyesho lilipokwisha watu hawakutawanyika: walikaa chini wakajadiliana, na kutafuta la kufanya. Ninyi mnaopenda mikutano mtaona kwamba huo ulikuwa mkutano mkuu hasa, ila ulianza kwa ngoma badala ya kuanza kwa ajenda. Na mtu ambaye kwa mwaka mzima hakufungua kinywa barazani, hususan akina mama na vijana, alifungua kinywa pale, kwa sababu katika hadithi ni rahisi kusema "yule" kabla ya kusema "mimi".

Nimewasifu wasanii vya kutosha. Sasa haki yanitaka niwaonye nao. Mizani ya pili nayo yaweza kuwa mbovu. Hadithi ni dawa, na dawa yoyote ikizidi au ikikosewa ni sumu. Katika mikoa yetu hii hii ya Ziwa, hadithi ya uongo imeua watu. Vikongwe wameuawa kwa kuwa mtu alisimulia kwamba macho yao mekundu ni alama ya uchawi, kumbe macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, walipokuwa wakiwapikia watoto na wajukuu. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya hadithi nyingine ya uongo, kwamba viungo vyao huleta mali. Hizo nazo ni hadithi, tena zilienezwa kwa ustadi. Kwa hiyo msanii asijidhanie kuwa yu juu ya hukumu kwa sababu tu ana sauti nzuri. Mizani hupimwa na kupigwa chapa kabla ya kutumiwa, na msanii naye yampasa kujipima: Je, nimeliona jambo hili, au nimelisikia tu? Je, nasimulia tendo, au namwonea mtu? Je, nimelipwa na nani?

Swali hili la mwisho ni zito kuliko yote. Siku hizi uko mtindo wa kuwakodi waimbaji waje kuwasifu viongozi, wapewe soda na nauli, warudi makwao. Leo asubuhi tumesikia nyimbo nzuri, nami nimezifurahia. Lakini nilihesabu, Bwana Mwenyekiti, nikaona kwamba katika nyimbo zote zile hapakuwa na hata mstari mmoja uliotuuliza swali. Miaka kumi bila swali! Ama sisi ni malaika, ama waimbaji wetu wameambiwa waimbe nini. Wazee wetu wa Bagika na Bagalu, vyama vile viwili vya ngoma vinavyoshindana kila mwaka baada ya mavuno, hawakusifiana tu. Walikosoana hadharani, watu wakasikiliza na kuamua, na kesho yake wakalima pamoja. Mashindano yale ni shule yetu ya zamani ya kusikia maneno makali bila kushika fimbo.

Kwa sababu hizi naleta mbele ya mkutano huu maombi matatu, nami naomba yaandikwe katika kumbukumbu.

La kwanza: kila mwaka katika Mkutano Mkuu, kabla ya taarifa ya hesabu kusomwa, vikundi vya wanachama vipewe saa moja ya kuimba, kusimulia au kuigiza mambo ya mwaka uliopita. Maneno yao yasipitiwe kwanza na ofisi. Onyesho likiisha, Mwenyekiti na Meneja wajibu, kama wanavyojibu hoja za mkaguzi.

La pili: taarifa ya hesabu ya mwaka, hasa habari za makato na madeni, ifanywe hadithi na ipelekwe vijijini kwa lugha ya nyumbani. Makato yote yatajwe, na kila moja liambiwe limekwenda wapi. Mzee asiyejua kusoma anazo haki zile zile za mwanachama, naye akisikia mara moja kwa wimbo hasahau.

La tatu: watunzi na waimbaji wanaofanya kazi hiyo walipwe ujira wa halali, uliopitishwa na mkutano na kuandikwa kitabuni. Ujira huo usitoke mfukoni mwa kiongozi yeyote, kwa maana anayelipwa na mtu huimba ya mtu, na anayelipwa na wote huimba ya wote.

Najua wako watakaosema kwamba jambo hili litatuaibisha mbele ya wageni. Nawajibu kwa methali ya wahenga: mficha maradhi, kilio humfichua. Aibu ya wimbo ni ya jioni moja. Aibu ya mwaka 1976 imekaa nasi miaka mingi, na wako hapa wazee waliozeeka wakiingojea malipo ya pamba ambayo hayakuja.

Bwana Mwenyekiti, mwaka huu Chama chetu kimetimiza miaka kumi. Mtoto wa miaka kumi bado hajawa mtu mzima, lakini amekwisha kuwa na umri wa kuambiwa ukweli. Tunazo sasa mizani za umeme zinazoonyesha kilo kwa tarakimu za mwanga, na hizo ni njema, tuzitunze. Walakini mizani hizo hazitamwambia mtu yeyote kwamba zimelambwa. Kazi hiyo itabaki kuwa ya kijana aliyeketi gizani na wenzake, akitunga kisa cha fisi.

Mkimsikia akiimba, tafadhali msimfukuze karibu na ghala. Mleteeni kiti.

 Mungu aubariki ushirika wetu, na awape wakulima wote mvua za kutosha na mizani za haki.